Fundi wa Tiara

Fundi wa hadithi hii hana jina kwa sababu ni wa kubuni. Hesabu zake si za kubuni, wala yale ya nchi za watu tutakayopitia njiani. Mwenye kikokotoo kwenye simu na ayahakiki mwenyewe.

Tuseme alikuwa kijana wa Dar es Salaam, amepanga chumba na sebule Sinza, anaandika programu za ada za shule na za maduka ya dawa. Wateja wake walikuwa wale tunaowajua, wanaosifia kazi na kulipa nusu. Siku moja akapigiwa simu na mtu aliyelipa yote, tena kabla kazi haijaanza. Bosi huyu alitaka mchezo wa kubeti wa kwenye simu. Leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha alikuwa nayo, njia ya kupokea malipo ya simu alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mchezo wenyewe. Maelekezo yake yalikuwa sentensi moja: "Nataka mchezo ambao mtu akishinda aseme ni akili yake, akishindwa aseme kakosea kidogo tu."

Fundi akadhani ameelewa, akaanza na bao.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa. Kila kilichopo wanakiona wote wawili. Fundi akaliweka kwenye simu: kila mmoja anaweka shilingi 1,000, mshindi anaondoka na 1,800, nyumba inabaki na 200. Mwanzoni watu walijaa. Baada ya wiki chache walibaki wazee kadhaa wa Zanzibar na vijana wawili watatu waliokulia barazani, na hao hawakuwa tayari kuwekeana dau wao kwa wao. Wanaojifunza walishaliwa hadi salio la mwisho wakaondoka. Anayefungwa na bingwa wa bao hufungwa leo, kesho na keshokutwa, na haimchukui muda kujua sababu.

Jambo la namna hiyo limetokea kweli Marekani. Sheria yao ya mwaka 2006 iliyobana malipo ya kamari za mtandaoni iliacha upenyo kwa michezo ya fantasi, ile ya kuunda timu ya wachezaji halisi na kuvuna pointi kutokana na wanavyocheza uwanjani, kwa hoja kwamba matokeo yake yanategemea ujuzi. Kampuni zikaja na fantasi ya kila siku, ya pesa taslimu. Ujuzi ulikuwepo kweli, na shida ikaanzia hapo. Uchambuzi wa kampuni ya McKinsey kuhusu nusu ya kwanza ya msimu wa besiboli wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 1.3 ya wachezaji walizoa asilimia 91 ya faida yote. Umati uliobaki ulikuwa kitoweo.

Bosi hakukasirika. "Umeniletea mchezo wa haki kupita kiasi," alisema. "Mnyonge lazima ashindeshinde kidogo. Ukimmaliza leo, mshahara wake wa mwezi ujao ataupeleka kwingine."

Fundi akarukia upande wa pili, bahati tupu. Unalipa shilingi 500, mashine inakupa namba, namba inatoka au haitoki. Michezo ya aina hiyo huishi kwa donge nono, na bosi hakuwa na mabilioni ya kutangaza, kwa hiyo watu walijaribu mara mbili tatu wakaufuta kwenye simu. Hakukuwa na cha kusimulia kijiweni. Utasema nini? Kwamba mashine ilikupa namba mbaya?

Kabla ya kuuzika, akabadilisha kitu kimoja tu: mchezaji achague namba mwenyewe. Nafasi ya kushinda ilikuwa ileile, lakini watu wakaanza kukaa. Hili nalo lina ushahidi wa zamani. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ellen Langer alichapisha majaribio yake, mojawapo likiwa la tiketi za bahati nasibu za dola moja zilizouzwa kwa wafanyakazi wa ofisini. Baadhi walichagua tiketi, wengine walikabidhiwa. Kabla ya droo waliulizwa wangekubali kuiuza tiketi yao kwa bei gani. Waliokabidhiwa walitaka wastani wa dola 1.96. Waliochagua walitaka dola 8.67. Tiketi zote zilikuwa na nafasi sawa ya kutoka. Zile dola zaidi ya sita za ziada zilikuwa bei ya kidole kilichochagua.

Hapo fundi akaanza kuiva.

Swali la kama mchezo ni ustadi au ni bahati limewahi kupelekwa hadi mbele ya madiwani, na namna lilivyojibiwa inastahili kusimuliwa taratibu. Mwezi Januari 1942, New York ilipiga marufuku pinboli: ile meza iliyoinama yenye kioo juu, ambapo mpira wa chuma husukumwa kwa springi, ukapanda, kisha ukashuka ukigongana na nguzo na taa. Meya Fiorello La Guardia aliiona kuwa kamari inayokwapua sarafu za watoto wa shule. Polisi walizikusanya mashine kwa maelfu, na meya mwenyewe akapigwa picha akizivunja kwa nyundo. Kwa mashine za wakati ule alikuwa na hoja: mpira ukishaachiwa, mchezaji alibaki kuutazama na kuitikisa meza.

Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ya Chicago ikatoa mashine iitwayo Humpty Dumpty, yenye vibao vidogo pembeni ambavyo mchezaji huvifyatua kwa vitufe ili kuurudisha mpira juu. Mkono ukapata kazi. Marufuku, hata hivyo, iliendelea hadi 1976, kijana mwandishi aitwaye Roger Sharpe alipoletwa mbele ya kamati ya baraza la jiji athibitishe kwamba pinboli ni mchezo wa ustadi. Madiwani wakashuku kwamba mashine iliyoandaliwa imechezewa, wakamtaka atumie ile ya akiba. Alicheza vizuri lakini hawakushawishika. Mwishowe akatangaza kabla ya kuvuta springi kwamba mpira utapita mlango wa katikati. Akavuta, akaachia, mpira ukapita mlango wa katikati. Marufuku ikaondolewa.

Baadaye Sharpe mwenyewe alikiri kwamba pigo lile lilikuwa bahati. Ushahidi uliolishawishi jiji kwamba ustadi unatawala ulitoka kwenye bahati, na waliokuwepo, watu wazima wenye macho yao, hawakuona tofauti. Mimi huirudia hadithi hii kila ninaposikia mtu akisema yeye anajua kupambanua kati ya hivyo viwili.

Wajapani walikwenda mbali zaidi. Mashine zao za pachislo zina vitufe vitatu, kimoja chini ya kila gurudumu, na mchezaji husimamisha gurudumu mojamoja kwa wakati anaotaka. Utadhani ni jicho na kidole tu. Lakini droo imeshapigwa ndani pale magurudumu yalipoanzishwa, na kitufe kikibonyezwa gurudumu huruhusiwa kuteleza hatua hadi nne kabla ya kusimama. Kama droo imekunyima, litateleza likupite. Kama imekupa, ukibonyeza vibaya unaweza hata kukipoteza ulichopewa. Kwa sehemu kubwa, basi, ustadi wa pale hauna uwezo wa kukuongezea. Una uwezo wa kukupunguzia. Sijui ubunifu mwingine unaotisha zaidi ya huo.

Turudi Sinza. Mchezo wa tatu wa fundi uliitwa Tiara. Tiara inapaa kwenye skrini, kando yake namba inapanda: 1.00, 1.20, 1.75, 2.40. Ukibonyeza VUTA, dau lako linazidishwa kwa namba iliyopo wakati huo. Uzi ukikatika hujavuta, dau limekwenda. Anayekijua kindege, yaani Aviator ya kampuni ya Spribe iliyoingia sokoni mwaka 2019, ameshaelewa, kwa kuwa Tiara ilikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

Moyo wa mchezo ule ulikuwa mstari mmoja wa programu. Nafasi ya tiara kuifikia namba fulani kabla uzi haujakatika ilikuwa 0.97 kugawanya kwa namba hiyo. Chukua dau la shilingi 1,000. Ukizoea kuvuta kwenye 2, utafanikiwa mara 48.5 katika kila 100, na wastani wa unachorudishiwa ni shilingi 970 kwa raundi. Ukiwa mwoga ukavuta kwenye 1.10, utafanikiwa mara 88 na ushei, kila mara upate 1,100, wastani, 970. Ukiwa na roho ngumu ukasubiri 10, utafanikiwa mara 9.7 tu, lakini kila mara ni 10,000, wastani, 970. Subiri hadi 100 ukitaka. Ni 970.

Kitufe kilikuwa cha kweli. Alivuta nani na alivuta lini, mfumo uliheshimu. Kilichoachiwa mchezaji kuamua ni namna ya kupoteza, ama kwa vijisenti vya kila dakika ama kwa kishindo cha mara chache, na zile shilingi 30 za nyumba hazikuguswa na uamuzi wowote. Tiara iliruka raundi mbili kwa dakika. Raundi 120 kwa saa, mara shilingi 30, ni 3,600 kila saa kutoka kwa mtu anayeweka 1,000 kila raundi, wala hakuna aliyedanganywa.

Lakini hesabu haikuwa sehemu ya werevu zaidi. Fundi alijivunia kitu kingine: mchezaji alipovuta kabla uzi haujakatika, aliendelea kuiona tiara ikipaa bila yeye. Umevuta kwenye 1.80, umepata faida yako, na sasa unaitazama ikienda 5, ikienda 12, ikienda 38. Ulikuwa na pupa ya kuvuta mapema. Raundi inayofuata unasubiri, uzi unakatika kwenye 1.30. Ulichelewa. Kila raundi humkabidhi mchezaji kosa lake dogo, la mapema au la kuchelewa, linalorekebishika kwenye raundi ijayo. Kosa la kuwepo pale halionyeshwi popote kwenye skrini.

Watafiti wa Cambridge wakiongozwa na Luke Clark waliuonyesha mtego huu mwaka 2009 katika jarida la Neuron, kwa mashine mfano wa dubwi. Kukosa kwa kidogo kuliwaudhi washiriki kuliko kukosa kabisa, na papo hapo kuliwaongezea hamu ya kuendelea. Hamu hiyo ilipanda pale tu mshiriki alipokuwa amejichagulia mwenyewe picha ya kuchezea. Kompyuta ilipomchagulia, haikupanda.

Fundi alikuwa na mdogo wake, dereva wa bodaboda Mbagala, aliyeishi na mama yao. Dogo huyu hakuwa mjinga wa kubeti. Mpira aliujua: nani ana kadi, nani ametoka majeruhi, kocha gani hubadilisha kikosi akicheza ugenini. Kwa muda mrefu alikuwa mtu wa mikeka ya jackpot, na hapa ni vizuri tukiri kwamba, tofauti na Tiara, ujuzi wa mpira unabadilisha nafasi. Jackpot ya mechi 17, kila mechi ikiwa na matokeo matatu, ina mikeka 129,140,163 inayowezekana. Anayebahatisha tu ana nafasi moja kati ya hizo. Sasa mpe dogo ujuzi wa hali ya juu, apatie mechi 6 katika kila 10. Nafasi yake inakuwa moja kati ya 5,908 hivi. Ujuzi umeikuza mara zaidi ya 21,000, na bado akicheza mkeka mmoja kila wiki anapaswa kusubiri, kwa wastani, miaka 113.

Ila huyohuyo, kwa ujuzi uleule, atapatia mechi 12 au zaidi karibu mara moja kila wiki nne. Kila mwezi, basi, atakuwa na siku ya kusema kijiweni kwamba mkeka umechanwa na timu chache. Jackpot hulipika, na watu huonyeshwa kwenye televisheni: Mei 2017 Samuel Abisai wa Kenya alipatia mechi zote 17 za SportPesa akaondoka na zaidi ya shilingi milioni 221 za kwao. Ukweli wa ushindi kama huo ndio unaowabakiza maelfu walioishia mechi ya 13.

Dogo alipohamia Tiara, alihamia na tabia za mtu anayejua. Fundi aligundua Jumapili moja alipokwenda kumsalimia mama yao. Juu ya meza ya chakula palikuwa na kaunta buku. Ndani, safu kwa safu, zilikuwa namba zilizoandikwa kwa mwandiko wa kubana: 1.04, 1.31, 7.80, 1.00, 2.16. Zote zilizo chini ya 1.5 zilikuwa kwa kalamu nyekundu, nyingine kwa bluu. Pembeni, tarehe na saa.

"Kaka, kaa hapa nikuonyeshe kitu," dogo alisema, akafungua ukurasa uliokunjwa ncha. "Zikija nyekundu nne mfululizo, ya tano inavuka 1.5. Sisemi kila mara. Lakini hesabu mwenyewe. Mara tatu, mbili zinakubali."

Fundi akahesabu. Ilikuwa kweli, na ilibidi iwe kweli. Kwa mstari ule wa programu, raundi yoyote ile, iwe imetanguliwa na nyekundu nne, na bluu nne, au na mvua ya mawe, huvuka 1.5 mara 65 hivi katika kila 100. Dogo alikuwa ameipima nafasi ya kawaida ya mchezo kwa usahihi wa kupendeza, kisha akaipa jina la siri. Na kwa kuwa kila aliyevuta kwenye 1.5 hurudishiwa wastani wa 970 kwa 1,000, siri hiyo ilikuwa ikimla taratibu, kwa mwendo wa kumfanya aone yuko karibu kuipatia.

Akamweleza. Alichukua kalamu ya bluu, akaandika 0.97, akagawanya, akazidisha, akamwonyesha 970 ikirudi kila upande. Dogo alisikiliza vizuri. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko fundi alivyomdhania. Alimsahihisha hata kosa moja la nukta.

"Nimeelewa," alisema. "Hiyo ni kwa mtu anayevuta palepale kila siku. Mimi sivuti palepale. Naisoma."

"Hata ukiisoma, dogo. Raundi haiikumbuki iliyopita."

"Na siyo kwamba wanaiba. Nimehakiki." Akafungua simu, akamwonyesha ule ukurasa wa uhakiki. Kabla ya raundi, mfumo hutoa muhuri wa tarakimu na herufi uliofunga tokeo ndani. Raundi ikiisha, mchezaji hupewa ufunguo akahakikisha kwamba tokeo halikubadilishwa katikati. Michezo ya aina hii inao kweli, na huthibitisha kitu kimoja, kwamba uzi haukukatwa kwa kumlenga mtu. Zile 30 katika kila 1,000 hazihusiki na muhuri. Zimo ndani yake tangu mwanzo, kwa uaminifu kamili. Fundi aliujua ukurasa ule, maana rangi yake ya kijani aliichagua yeye.

"Wezi ni wale wa karata tatu pale stendi," dogo akaendelea. "Wale wanaficha karata. Hawa wameweka kila kitu wazi. Mimi tatizo langu ni kidole, nakuwa na haraka."

Fundi akaanza tena, safari hii kwa mifano ya raundi elfu, raundi laki. Dogo akamtazama.

"Sasa kaka, wewe umeyajulia wapi haya yote? Hujawahi kubeti hata Simba na Yanga."

"Nimesoma mahali," fundi akajibu. Nyumbani kwao ilijulikana kwamba anaandika programu za ada za shule.

Mama akaleta chai. Mazungumzo yakahamia kwenye bati la choo na deni la pikipiki ya dogo, lililokuwa limepitisha miezi miwili. Dogo alikuwa na mpango wa kulilipa, ila hakuusema mbele ya mama.

Wiki iliyofuata bosi aliita kikao. Alikuwa na takwimu za mchezo kwenye kompyuta mpakato, na alikuwa na furaha. Waliokuwa wakikaa muda mrefu kuliko wote hawakuwa wale walioshinda kubwa. Hao walikuja na kupotea. Wakaaji walikuwa watu wa dau dogo, wanaovuta karibu namba ileile, wanaoacha raundi kadhaa zipite bila kuweka kitu kisha wanaingia ghafla. "Hawa wanahesabu," bosi alisema. "Wana madaftari majumbani, nakuhakikishia. Watu wa akili. Tuwasaidie wasihangaike na kalamu." Alitaka raundi 100 zilizopita zionekane juu ya skrini, ndogo kwa nyekundu, kubwa kwa bluu.

Fundi alisema rangi hizo zitawapotosha watu. Bosi akamuuliza kwa upole kama kuna namba yoyote pale itakayokuwa ya uongo. Haikuwepo. Akauliza kama kuna kanuni ya Bodi inayokataza kumwonyesha mteja matokeo ya kweli. Fundi akasema haifahamu. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Aliimaliza mchana uleule, akaijaribu kwenye simu tatu za ukubwa tofauti, akaipandisha kabla ya mechi za jioni.

Saa nne usiku simu ikalia. Ilikuwa sauti ya dogo kwenye WhatsApp, na nyuma yake honi ya bodaboda na watu wakicheka kijiweni.

"Kaka, wameirekebisha Tiara, yaani huyo jamaa aliyeirekebisha Mungu ambariki. Wameweka historia ya raundi mia, tena kwa rangi zangu zilezile! Daftari silihitaji tena. Sasa hivi nyekundu ziko tatu. Nirushie elfu kumi haraka, kesho nakurudishia."